Msichemshe Kongosho: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Mbwa Anayekula Bila Kunenepa

Mwezi uliopita aliletwa kwangu mbwa dume wa aina ya German Shepherd, mwenye umri wa miaka miwili, ambaye mbavu zake zilihesabika tangu akiwa mlangoni na ambaye uzito wake ulikuwa kilo 19 mahali nilipotarajia kilo 32 au zaidi. Hakuwa mgonjwa mpya. Wiki tano kabla ya siku hiyo tulikuwa tumempima damu na kuthibitisha kwamba kongosho lake halitoi tena vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunja chakula tumboni, vya kutosha, nami nikamwelekeza mwenye mbwa atafute kongosho la ng'ombe machinjioni na kulichanganya kwenye kila mlo. Sasa alikuwa ameniletea kinyesi cha asubuhi ile ndani ya kopo la siagi: kingi kuliko inavyostahili kwa mbwa wa kimo kile, cha rangi ya manjano iliyopauka, laini kama uji mzito, kinachong'aa kwa mafuta na chenye harufu kali ya uchachu.

"Dawa imeshindwa, daktari," akasema mama yule. "Na kongosho anakula kila siku, tena namchemshia mimi mwenyewe mpaka linaiva vizuri."

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kila inaposemwa kuna mbwa aliyepoteza mwezi mzima au zaidi akiendelea kukonda ilhali tiba yake ilikuwa jikoni. Sehemu ya kosa ni yetu sisi madaktari wa mifugo, tunaotaja kongosho kwa haraka na kusahau kutaja moto.

"Kongosho likiiva ndipo linakuwa salama na kumfaa mbwa"

Mbwa huyu hapewi kongosho kama kitoweo. Anapewa kwa ajili ya vimeng'enya vilivyomo ndani yake, yaani lipasi inayovunja mafuta, amilasi inayovunja wanga na protisi zinazovunja protini, kwa sababu chembe zake mwenyewe zilizokuwa zikitengeneza vitu hivyo zimekwisha kufa. Dalili huanza kuonekana pale ambapo zaidi ya asilimia 90 ya uwezo huo imepotea, kwa hiyo anayeletwa kliniki akiwa amekonda hana akiba yoyote ya kutegemea. Vimeng'enya ni protini, na protini ikipata moto hubadilika umbo isirudi tena, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango. Kongosho lililochemka bado ni nyama yenye lishe, lakini kama tiba halina kazi yoyote iliyobaki.

Hata yule anayenunua unga wa vimeng'enya, ambao hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe lililokaushwa na ambao bei yake si ndogo, anaweza kuuharibu kwa moto bila kujua. Katika nyumba nyingi chakula cha mbwa ni ugali au wali uliopikwa pamoja na utumbo au dagaa, na hupakuliwa moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Unga ukinyunyizwa juu ya ugali unaofuka moshi, fedha imemwagwa. Acheni chakula kipoe mpaka mkono uweze kukaa ndani yake bila kuhisi moto, ndipo mchanganye, na mchanganye kikamilifu, ili pasiwe na tonge ambalo halijagusana na vimeng'enya. Hakuna haja ya kukiacha chakula kikae nusu saa kabla ya kumpa, ingawa ushauri huo bado unatolewa hapa na pale. Kwa mbwa haujaonyesha faida.

Hofu ya nyama mbichi naielewa, lakini inafaa itenganishwe. Kuna wanaosema kwamba mbwa akila nyama mbichi atageuka mkali na kuwang'ata watoto wa nyumbani, na jambo hilo halina msingi wowote. Hofu ya minyoo, kwa upande mwingine, ni ya haki kabisa, hasa katika nchi za wafugaji kama zetu ambako mbwa hupata tegu wa ekinokokasi kwa kula mapafu na maini yenye malengelenge, kisha binadamu huambukizwa mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mbwa. Kwa sababu hiyo nasisitiza kongosho litoke kwenye machinjio yenye mkaguzi wa nyama, lisafishwe, na likae kwenye friza inayogandisha hasa, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa wiki moja au zaidi kabla ya kutumika. Baridi hiyo hupunguza hatari ya minyoo na haiviui vimeng'enya. Kongosho lililogandishwa vizuri hubaki na nguvu kwa miezi kadhaa. Lakini baridi haiwaui bakteria wote, kwa hiyo ubao, kisu na bakuli vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila mara, na nyumba yenye mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu ni bora itumie unga ikiwa uwezo upo. Familia ya Kiislamu inayoona vigumu kushika unga unaotokana na nguruwe ijue kwamba kongosho la ng'ombe linafanya kazi hiyo hiyo.

Namna ya kuliandaa ni rahisi likizoeleka. Mwelekezeni mchinjaji alitoe mapema, kwa kuwa vimeng'enya vyake huanza kulila lenyewe mara tu mnyama anapokufa, na kongosho lililokaa juani hadi mchana halifai. Likifika nyumbani likatwe vipande vidogo sana au lisagwe, lipimwe kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja, kisha ligandishwe siku hiyo hiyo. Usiku wa kuamkia mlo, mfuko mmoja huhamishiwa sehemu ya chini ya jokofu uyeyuke taratibu. Gramu 30 hivi za kongosho bichi huchukua nafasi ya kijiko kimoja cha chai cha unga, na kijiko kimoja cha unga kwa kila kilo 10 za uzito, katika kila mlo, ndicho kipimo cha kuanzia. Kwa hiyo mbwa wa kilo 30 huanza na gramu 90 kwa mlo, na wapo wanaohitaji zaidi ya hapo. Kiwango kinaonekana kikubwa kwa sababu asidi ya tumboni huharibu sehemu kubwa ya vimeng'enya kabla havijafika kwenye utumbo mwembamba. Kinyesi kinapokuwa kigumu na uzito ukapanda, ndipo tunapopunguza kidogo kidogo tukitafuta kiwango kidogo kinachomtosha.

Na tafadhali, kiwe kongosho kweli. Nimeletewa bandama zaidi ya mara moja, kwa jina la kongosho, kutoka kwa wauzaji wa utumbo ambao hawakuwa na nia mbaya. Bandama, ambalo wengine huliita wengu, ni refu, bapa, lenye rangi nyekundu iliyokolea inayokaribia zambarau, na ukilikata hutoa damu nyingi. Kongosho limepauka, la rangi ya waridi inayoelekea krimu, limeundwa na vifundo vidogo vidogo vilivyoshikamana, nalo hukaa limejibana na mwanzo wa utumbo mwembamba, karibu na ini. Bandama halina vimeng'enya tunavyovitafuta, hata likiwa bichi.

Mama yule nilimchorea yote hayo kwenye karatasi, pamoja na picha ya viungo viwili hivyo vikiwa sambamba. Siku ya sita alinipigia simu kusema kwamba kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana amezoa kinyesi kwa koleo badala ya kumwaga maji.

"Ameshanenepa, sasa tuache"

Dhana hii huja miezi mitatu au minne baadaye, mbwa anapokuwa na manyoya yanayong'aa na kila mgeni akimsifu. Ukweli ni kwamba chembe zilizokufa hazioti tena. Kwa German Shepherd, kinachotokea mara nyingi ni kinga ya mwili wake yenyewe kushambulia kongosho akiwa bado kijana, na dalili kwa kawaida huonekana kati ya mwaka mmoja na minne. Kongosho husinyaa likabaki utando mwembamba. Unene mnaouona umeletwa na vimeng'enya mnavyompa, na mkiviacha, kuharisha kutarudi ndani ya siku chache. Tiba ni ya maisha yote, na inahusu kila kinachoingia mdomoni, si milo miwili ya nyumbani pekee. Mlinzi anayemrushia kipande cha chapati saa nane za usiku anafanya hivyo kwa upendo, lakini kipande hicho kitapita bila kumeng'enywa na kuwalisha bakteria wa utumboni. Nawaomba wenye mbwa wakae na kila mtu wa nyumba hiyo, mlinzi, msaidizi wa kazi na watoto, wawaeleze jambo hilo kwa utulivu. Mara nyingi mgonjwa ambaye tiba "imegoma" ni mgonjwa anayelishwa pembeni.

"Ni minyoo tu"

Mbwa anayekula sana na kukonda hupewa dawa ya minyoo, na hilo ni sawa kwa mara ya kwanza. Mara ya nne haina maelezo. Mama yule alikuwa amekwisha kununua dawa za minyoo mara tano kwenye duka la pembejeo kabla ya yeyote kumwambia apime damu. Hamu ya kula isiyo na kikomo, kinyesi kingi chenye mafuta, tumbo linalonguruma hadi kusikika na tabia ya kula kinyesi chake mwenyewe, vyote vikikutana kwa mbwa kijana, vinataka kipimo cha TLI, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kama kongosho bado linatengeneza vimeng'enya. Damu huchukuliwa baada ya mbwa kukaa saa 12 bila kula, na matokeo ya mikrogramu 2.5 au pungufu kwa lita hukata shauri. Amilasi na lipasi za damu, ambazo baadhi ya maabara huzipima na kuandika "kongosho zima", haziwezi kuuondoa ugonjwa huu. Sampuli ya TLI mara nyingi husafirishwa mbali na majibu huchukua muda, nami bado nashikilia kwamba kipimo hicho kimoja ni nafuu kuliko mwaka mzima wa kubahatisha. Kuhusu kula kinyesi, asichapwe, maana ni mwili wenye njaa unaokitafuta chakula kilichopita bila kuguswa.

Wengine wakisikia kongosho hufikiri kisukari, wakaacha kumpa wanga wakisubiri sindano za insulini. Kongosho lina kazi mbili zinazofanywa na chembe tofauti, na katika ugonjwa huu wa German Shepherd chembe za insulini kwa kawaida hubaki salama. Yaweza kuwa vinginevyo kwa mbwa mzee ambaye kongosho lake limeharibiwa na uvimbe wa muda mrefu; huyo tunampima na sukari.

Kuhusu chakula chenyewe, ushauri wa zamani wa kumnyima mafuta kabisa umepitwa na wakati, kwa maana mbwa aliyekonda anahitaji nishati hiyo na kumnyima hakujaonyesha manufaa ya jumla. Kinachomsumbua zaidi ni nyuzinyuzi nyingi, kwa sababu huzuia vimeng'enya kufanya kazi. Pumba za mahindi, ambazo hutumika sana kuongezea ugali wa mbwa, ziondolewe. Apewe wali, nyama isiyo na mafuta ya kupita kiasi, mayai yaliyopikwa au chakula cha pakiti kinachomeng'enyeka kwa urahisi, kwa milo miwili au mitatu. Vidonge vya vimeng'enya vyenye ganda gumu, vilivyotengenezwa kwa binadamu, kwa mbwa wengi havifikii unga wala kongosho bichi. Anayetumia unga avae barakoa anapoupima, kwa kuwa vumbi lake huwasha mapafu na pua, na akiona damu au vidonda mdomoni mwa mbwa alowanishe chakula vizuri na kuniarifu tupunguze kiwango.

Liko jambo moja ambalo hata wenzangu hulisahau. Mbwa anapofuata masharti yote na bado hapandi uzito, wengi hukimbilia kuongeza antibiotiki. Kabla ya hapo, itazamwe vitamini B12. Kwa mbwa, protini inayoiwezesha vitamini hiyo kufyonzwa hutoka kwa sehemu kubwa kwenye kongosho lenyewe, kwa hiyo wagonjwa wengi wa aina hii wanayo pungufu, na vimeng'enya pekee mara nyingi haviirudishi. Sindano chini ya ngozi kila wiki kwa wiki sita, moja zaidi baada ya mwezi, kisha kupima upya, hubadilisha hali ya mbwa ambao wenye nao walikuwa wamekata tamaa. Katika kliniki yangu naianza mapema kwa kila mgonjwa asiyeweza kupimwa, kwa kuwa bei yake ni ndogo na madhara yake ni haba.

Kukata tamaa huko ndiko kunakoniumiza zaidi, kwa sababu kuna mbwa wanaotolewa uhai kwa sindano kwa sababu ya ugonjwa ambao wengi wao wanaweza kuishi nao zaidi ya miaka mitano baada ya kugunduliwa. Mbwa wa mama yule alipimwa tena wiki hii akiwa na kilo 22, na swali lililofuata lilikuwa ni lini atafutiwe jike. Nilimjibu kwamba asitafutiwe. Urithi wa ugonjwa huu si wa moja kwa moja, na mzazi mgonjwa anaweza kuzaa watoto ambao hawataugua, lakini mwelekeo huo umo katika ukoo wake, na ndugu zake pia wanafaa kuangaliwa. Tumekubaliana kumhasi akifikisha kilo 28.