Je, wajua kwa nini wanaotafuta asili ya koo zao Marekani hupekua vitabu vya anwani vya zamani?

Maktaba ya Umma ya New York ina vitabu vinene vya majina na anwani za wakazi wa jiji, cha kwanza kikiwa cha 1786. Vilitungwa kwa ajili ya biashara, ili mwenye duka ajue mteja wake anakaa wapi. Kikitoka kipya, cha mwaka jana hakikuwa na kazi tena. Leo vimeskaniwa ukurasa kwa ukurasa, na yeyote mwenye intaneti anavisoma bure. Ya nini kuhangaika navyo?

Chanzo kikubwa ni moto. Jioni ya Januari 10, 1921, jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington liliwaka kuanzia ghorofa ya chini ya ardhi. Fomu za sensa ya 1890 zilikuwa humo, zimepangwa nje ya chumba imara cha nyaraka. Nyingine ziliungua, nyingine zikalowa maji ya wazimamoto, na mabaki yakaja kuteketezwa kwa idhini ya serikali yenyewe. Sensa iliyotangulia ilikuwa imeacha nakala kwenye kaunti, hii haikuacha. Kati ya watu karibu milioni 63 waliohesabiwa, majina yaliyosalia ni elfu sita na ushei.

Pengo hilo linauma. Chukua binti aliyezaliwa 1881. Sensa ya 1880 haikumkuta duniani. Ya 1900 inamkuta ana miaka 18 au 19, pengine keshaolewa, yuko kwa mumewe na anatumia jina la ukoo wa mume. Sensa inayoweza kumwonyesha akiwa mtoto nyumbani kwa wazazi wake ndiyo hiyo iliyoungua.

Hapo ndipo kitabu cha anwani kinapookoa. Kila mstari una jina, kazi, na namba ya nyumba. Tuseme baba wa binti huyo ni fundi viatu: 1887 yumo, 1888 yumo, mtaa uleule. 1889 hayumo. Kwenye anwani yake sasa kuna jina la mwanamke, limefuatiwa na herufi "wid" na jina la fundi viatu. Ni kifupisho cha neno la Kiingereza la mjane. Nazipenda sana herufi hizo tatu: mtu aliyekuwa apekue rejista za vifo za miaka 20, sasa anapekua za mwaka mmoja au miwili.

Tatizo ni kwamba wake za watu na watoto kwa kawaida hawakuandikwa, na wapangaji maskini walirukwa kwa urahisi. Kompyuta inayosaka majina kwenye kurasa zilizoskaniwa nayo husoma vibaya wino uliofifia, kwa hiyo jina lisipopatikana, fungua ukurasa wenyewe ulisake kwa macho.

Lakini kuskani kumeleta jambo ambalo karatasi haikuliweza. Vitabu hivi vilipangwa kwa alfabeti ya majina, hivyo ilibidi kwanza ujue jina la unayemtafuta. Sasa unaweza kuandika namba ya nyumba na mtaa, kisha ukaona nani mwingine aliishi pale kwa mjane. Huenda ni kijana mmoja mpangaji, seremala, mwenye jina lilelile la ukoo ambalo binti analitumia mwaka 1900.