Kazi Zisizo za Mapigano Jeshini ni Zipi?

Tangazo la UPDF, jeshi la Uganda, la kuandikisha askari likitoka, wengi huwaza bunduki, buti na msitu. Ila jeshi hilo hilo huhitaji pia madaktari, wauguzi, wahandisi, mafundi wa magari, wanasheria, wahasibu, watu wa redio na kompyuta, hata wapiga tarumbeta. Hizo ndizo kazi zisizo za mapigano: kazi za kulilisha jeshi, kulitibu, kulisafirisha na kulilipa, ambazo mwenye nazo hapangiwi kwenda kumshambulia adui.

Watu wengi hudhani daktari wa jeshi ni raia aliyevalishwa gwanda. Sivyo. Huyo ni askari kwanza, daktari baadaye. Naye hupitia mafunzo ya kijeshi, mchakamchaka wa alfajiri, gwaride, shabaha na yote, ndipo arudi kwenye fani yake. Ana cheo, anapiga saluti, akiambiwa ahamie kambi nyingine anafunga mizigo. Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 inamhusu kama inavyomhusu askari wa miguu, na akifanya kosa, mahakama ya kijeshi inamngoja.

Kazi isiyopigiwa makofi hata kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo inayobeba jeshi zima, ni ugavi. Tuseme batalioni ina watu 700, na kila mmoja anakula nusu kilo ya unga wa posho kwa siku. Hizo ni kilo 350. Kwa mwezi, tani kumi na nusu. Bado hujagusa maharage, chumvi, kuni wala maji. Lazima awepo mtu wa kuhesabu magunia yakishuka, kuangalia kama unga umeingia fukusi, kuandika daftarini, kutafuta lori, na kujua ni barabara ipi ya Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, haipitiki mvua ikinyesha. Kikosi kikiwa Mogadishu, ambako Uganda ilianza kupeleka askari Machi 2007, hesabu hiyo hiyo inavuka mipaka. Akikosea yeye, wenye bunduki wanalala njaa.

Karani wa mishahara naye si wa kudharau. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jeshi lilitikiswa na kashfa ya askari hewa, yaani majina yaliyokuwa yakilipwa mishahara bila watu wenyewe kuwepo. Orodha safi ya majina ni silaha pia, tena adui wake mara nyingi yuko ndani ya kambi.

Wahandisi ndio raia huwaona zaidi. Uwanja wa Mandela kule Namboole ulikarabatiwa na Brigedi ya Uhandisi ya UPDF. Maporomoko ya ardhi ya Bududa, mashariki mwa Uganda, ya Machi 2010 yalipofukia watu, askari walikuwa miongoni mwa waliofukua udongo. Wala si hisani tu: kifungu cha 209 cha Katiba kinalitaka jeshi lishirikiane na mamlaka za kiraia wakati wa maafa, na lijihusishe na shughuli za uzalishaji. Kila mwaka kabla ya Tarehe Sita, yaani siku ya jeshi ya Februari 6, madaktari wa jeshi hutibu wananchi bure. Bendi na michezo nisiziseme sana, ingawa wazee wa soka bado wanaikumbuka Simba, timu ya jeshi iliyofika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972 ikafungwa na Hafia ya Guinea.

Jambo linalosahaulika ni la sheria za vita. Mpishi, dereva na karani wa jeshi, hata kama hawajawahi kufyatua risasi, mbele ya sheria ya kimataifa ni wapiganaji, na adui anaruhusiwa kuwalenga. Wanaotengwa ni wahudumu wa afya na viongozi wa dini wa jeshini. Chini ya Mikataba ya Geneva ya 1949 hao hawapaswi kushambuliwa, mradi nao wasiingie vitani. Mganga anaweza kubeba silaha ndogo ya kujilinda na kuwalinda wagonjwa wake, lakini akianza kumwinda adui, kinga inamtoka. Kwa hiyo usimdanganye mama kwamba udereva wa lori la mafuta hauna hatari. Msafara wa malori ndio adui hupenda kuuvizia.

Anayetaka kulifanyia kazi jeshi bila kuwa askari ana mlango mwingine. Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani ina watumishi wa kiraia: hawana cheo cha kijeshi, na hawapitii mafunzo ya kuruta. Huyo asijipange uwanjani kwa mbio za kuandikishwa, na barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, mkononi. Nafasi zake hupita kwenye Tume ya Utumishi wa Umma, kama za wizara nyingine.