Antena ya ndani: kutoka omu 22 hadi 50

Omu (kipimo cha ukinzani) 50 ndizo redio zetu za ridhaa zinazozitarajia kutoka kwa antena. Dipoli ya nusu wimbi, yaani antena ya waya wenye urefu wa nusu ya wimbi unaounganishwa na kebo katikati, iliyotundikwa mahali peupe, mbali na kila kitu, huwa na omu 73 hivi katikati yake, na redio huipokea bila shida. Iingize ndani ya dari, na mambo yanabadilika: nyaya za umeme, nondo na mabati vyote vinaingiliana na uga wake.

Dipoli yangu ya 14.2 MHz inataka mita 10 za waya ulionyooka. Dari yangu haina nafasi hiyo, hivyo nilikunja ncha zote mbili. Nikaurefusha waya mpaka reaktansi (upinzani unaohifadhi nishati na kuirudisha badala ya kuitumia) ikafika sifuri, lakini ukinzani ukabaki omu 22. SWR, kipimo cha jinsi antena inavyolingana na kebo (1 ndiyo bora): 2.3.

Hapo wengi hukimbilia tyuna ya mezani, kifaa cha kulinganisha antena kinachokaa kando ya redio. Mimi huiweka mwisho. Tyuna hiyo huiridhisha redio tu. Kwenye kebo ya koaksi, inayounganisha redio na antena, mawimbi yanaendelea kurudi na kwenda, yakiacha joto njiani. Kazi inatakiwa kufanyika pale kebo inapokutana na antena.

Niliufupisha waya. Ndiyo, niliufupisha. Antena iliyopungua kidogo huwa na reaktansi hasi, kama kapasita. Nilikata sentimita chache chache, sawa kila upande, hadi kipima antena kikasoma omu 22 na reaktansi ya hasi 25. Kisha nikaunga koili kukingama nyaya mbili za antena, palepale kebo inapoanzia. Hesabu yake naipenda sana: 22 mara 22, jumlisha 25 mara 25, unapata 1,109. Gawa kwa 22, jibu ni 50.4, na huo ndio ukinzani ambao kebo itauona. Gawa 1,109 kwa 25, unapata 44.4, reaktansi ambayo koili inatakiwa kuwa nayo, kwa 14.2 MHz ni maikrohenri 0.5. Mizunguko 5 au 6 yenye kipenyo cha sentimita 2.5 inatosha, halafu unaivuta au kuibana hadi SWR ishuke.

Kabla ya kuamini kipimo chochote, shika kebo kwa mkono huku kipima kikiwa kimeunganishwa. Namba zikiyumba, mkondo unapita nje ya koaksi na kebo yenyewe imegeuka sehemu ya antena. Izungushe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti (kauri ya sumaku inayozuia mkondo huo) karibu na antena, kisha pima upya.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba SWR ya 1 haikuambii kama antena inarusha. Mzigo bandia (kikinza cha omu 50 kinachowekwa badala ya antena) nao husoma 1, na nguvu zote huishia kuwa joto. Katika omu zangu 22 zimo zinazopotelea kwenye mabati na nyaya za nyumba. Kwa hiyo husogeza dipoli mbali nazo kadiri inavyowezekana, natuma WSPR (ishara dhaifu ambazo vituo vya mbali huzipokea na kuziripoti mtandaoni) kwa wati chache, na kulinganisha ripoti za kabla na baada. Kila nikiisogeza, koili inapimwa tena tangu mwanzo.