Je, wajua kwa nini pawabenki ya mAh 20,000 haijazi Steam Deck, ile mashine ya kuchezea gemu mkononi, hata mara mbili?

Hesabu yenyewe inaonekana haina ubishi. Betri ya Steam Deck ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 2022, ni ya mAh 5,200 hivi. Pawabenki imeandikwa 20,000. Ukigawa unapata karibu mara nne. Mtu anapanda basi la Arusha kwenda Dar alfajiri akiwa na imani hiyo, anacheza gemu nzito tangu Usa River, na abiria wanaposhuka kula Korogwe pawabenki imeshakata. Anachosema hapo kinajulikana: "Nimeuziwa feki."

Wakati mwingine ni kweli kauziwa feki, na tutalifikia hilo. Lakini mara nyingi pawabenki ni nzima na muuzaji hana kosa. Shida ni kwamba mAh peke yake haisemi una umeme kiasi gani.

mAh ni hesabu ya chaji tu. Haikwambii chaji hiyo inasukumwa kwa volti ngapi, na bila volti hujui kazi itakayofanyika. Aliyewahi kuuza viazi au vitunguu anaielewa vizuri: gunia la kawaida ni gunia moja, na lumbesa nayo inahesabiwa gunia moja. Betri ya Steam Deck ni lumbesa. Inafanya kazi kwa volti 7.7, wakati betri nyingi za simu, pawabenki na gemu ndogo ziko kwenye 3.7 au zaidi kidogo. Ndiyo maana Nintendo Switch 2, mashine nyingine ya gemu ya mkononi iliyotoka Juni 2025 ikiwa na mAh 5,220, inaonekana sawa kabisa na Steam Deck kwa namba hiyo, ilhali inabeba nusu tu ya umeme wake.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni wati-saa, kwenye boksi zinaandikwa Wh. Unachukua mAh, unagawa kwa 1,000, unazidisha kwa volti. Steam Deck: 5.2 mara 7.7, unapata Wh 40. Switch 2 inakaribia Wh 20. Switch ya mwaka 2017 ni Wh 16. Sasa geukia pawabenki: ile 20,000 ya mbele ya boksi imepimwa kwenye betri za ndani, kwa volti 3.7, kwa hiyo ni Wh 74. Namba kubwa imeanza kunywea, na bado hatujachomeka waya.

Ukichomeka, sakiti ya pawabenki inapandisha umeme kutoka volti 3.7 hadi 5, 9, 15 au 20, kutegemea kifaa kimeomba nini. Ukifika kwenye gemu, sakiti nyingine inaubadilisha tena uendane na betri ya humo. Kila hatua inakula kidogo, na kilicholiwa kinatoka kama joto. Shika pawabenki ikiwa kazini utalisikia kiganjani. Watengenezaji waungwana wanalikiri hilo wenyewe. Geuza boksi, nyuma kabisa, kwenye maandishi madogo yanayotaka tochi ya simu, utakuta mstari wa uwezo halisi: mAh 12,000 kwa volti 5, au namba ya karibu na hapo. Hiyo ni Wh 60. Ndicho unachonunua.

Toa na kinachopotea ndani ya gemu lenyewe, zinabaki Wh 54 hivi. Switch ya zamani ikiwa imezimwa utaijaza mara tatu na chenji. Switch 2, mara mbili na nusu. Steam Deck ya kwanza, mara moja na theluthi. Steam Deck yenye kioo cha OLED, iliyotoka Novemba 2023, ina Wh 50, hiyo utaijaza mara moja ukomee hapo. Na mwenye ROG Ally X, mashine ya gemu ya Asus yenye Wh 80, asijisumbue na ya 20,000 kabisa, haitamfikisha.

Hayo ni ya ukubwa. Lipo jambo la pili, na kwangu mimi hili ndilo linaloharibu safari nyingi zaidi: kasi ya umeme kutoka, yaani wati. Valve, wanaotengeneza Steam Deck, wanasema ile ya Wh 40 inakaa na chaji kati ya saa 2 na 8 kutegemea gemu. Maana yake gemu jepesi linakula wati 5 na gemu zito linakula 20. Sasa chukua pawabenki ya kawaida yenye tundu pana la USB, volti 5 kwa ampea 2.4. Zidisha: wati 12. Unacheza gemu la wati 20 huku unaingiza 12. Alama ya chaji inaonekana kwenye kioo, lakini asilimia zinashuka. Hakuna kilichoharibika. Matumizi yanazidi mapato, basi. Tundu za USB zilizo kwenye siti za mabasi nazo kwa kawaida ni za volti 5 hizo hizo, kwa hiyo usizitegemee ziokoe jahazi.

Kinachotakiwa ni tundu la taipu C lenye alama ya PD, yaani Power Delivery. Huu ni utaratibu ambao pawabenki na kifaa vinapatana kwanza. Ukichomeka waya, umeme unaanza kwa volti 5 tu. Pawabenki inataja volti na ampea ilizo nazo, gemu linachagua linazoziweza, ndipo volti zinapanda. Yote hayo yanaisha kabla hujaweka pawabenki mfukoni. Waya uwe taipu C pande zote mbili, maana ule wenye kichwa kipana upande mmoja hauwezi mapatano hayo.

Ukisimama kwenye duka la simu barabara ya Sokoine, Arusha, mazungumzo yatakuwa ya namna hii. "Chukua hii bosi wangu, elfu ishirini, chaji ya haraka, wati 22." Usibishane naye. Mwambie, "Naomba nione mgongo wake." Kwenye mgongo kuna mistari ya umeme unaotoka: 5V 3A, 9V 2.22A, 12V 1.67A. Ikiishia hapo, hiyo ni ya simu, na kwa simu ni nzuri tu. Unachotafuta ni mstari wa 15V. Chaja ya Steam Deck yenyewe inatoa volti 15 kwa ampea 3, ambazo ni wati 45, na Switch ya kwanza nayo hupenda volti 15, ingawa ukiichezea mkononi haivuti zaidi ya wati 18 hivi. Mwenye Switch pawabenki ya wati 30 yenye mstari huo inamtosha. Mwenye Steam Deck atafute 45 au 65. Jihadhari na zile zinazojinadi wati 66 kupitia tundu pana la USB: mara nyingi wati hizo ni za simu za kampuni fulani tu, na gemu lako likichomekwa hapo litapewa volti 5 za kawaida.

Na feki je? Zipo, tena nyingi. Njia ninayoiamini zaidi ya kuzikamata ni mizani. Pawabenki nyingi ndani zina betri za duara zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, zile zile mafundi wanazozitoa kwenye betri za laptop zilizokufa. Nzuri kabisa inabeba mAh 3,500 hivi na ina uzito unaokaribia gramu 48. Ya "50,000" ingehitaji betri kama 15, yaani gramu 700 kabla ya ganda na sakiti. Ukiiona inakaa kiganjani kama simu, jibu unalo. Zile bapa nazo haziponi kwenye hesabu hii; ya 20,000 ambayo haifiki hata robo kilo imeandikwa uongo, ya bapa au ya duara. Muuza viungo wa sokoni hatakataa kukuwekea kwenye mizani yake. Kasoro ya kipimo hiki ni moja: wapo wanaojaza mchanga ndani ili ipate uzito. Kwa hiyo nyepesi ni feki kwa hakika, nzito bado ni ya kuulizwa.

Moshi kuna wateja wa aina nyingine, wapagazi na waongozaji wanaopanda Kilimanjaro na pawabenki begini. Baridi inapunguza umeme ambao betri ya lithiamu inaweza kuutoa, na kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 kunaiumiza moja kwa moja. Ndiyo maana wazoefu wanalala nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Atakayetaka kucheza gemu pale kambi ya Kibo, mita 4,720, saa sita ya usiku wenzake wanapoanza safari ya kileleni, shauri yake, ila pawabenki aitoe kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Kama safari inaanzia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mwisho wa kawaida unaoruhusiwa bila kibali cha shirika la ndege ni Wh 100, sawa na mAh 27,000, na pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoingia chini. Hapo tena ni zile Wh. Ambayo haijaandikwa Wh wala volti popote inaweza kubaki mezani kwa mkaguzi, hata kama ni ndogo.