Simu ya Chumbani Inanguruma, ya Sebuleni Haina Neno: Uanzie Wapi?

Masika yakianza tu, malalamiko haya huongezeka. Simu ya mezani iliyopo sebuleni inasikika vizuri, lakini ile ya pili, iliyovutiwa waya mpaka chumbani au kwenye kiofisi cha uani, inanguruma au inakwaruza hadi wanaozungumza wanaishia kuitana "Halo! Halo!" Mara nyingi mwenye nyumba anapotufikia sisi wa kampuni ya simu ameshanunua simu mpya, nayo inanguruma vilevile.

Usinunue kitu kwanza. Tafuta kelele iko upande gani wa kisanduku. Waya unaotoka nguzoni huishia kwenye kisanduku kidogo ukutani, na hapo ndipo kazi yetu inapokoma. Nyaya zinazotoka hapo kwenda vyumbani, tunazoziita ekstensheni (si ile ya kuchomekea pasi na feni), ni za mwenye nyumba, na huwa zimefungwa na fundi yeyote aliyekuwa karibu siku hiyo.

Chukua simu ya kawaida yenye waya wake, isiyochomekwa kwenye umeme. Fungua kisanduku, chomoa nyaya zote za ekstensheni, kisha chomeka simu hiyo hapohapo. Inua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja tu ili ule mlio wa kukukaribisha upige ukatike, halafu sikiliza. Kwa sekunde chache laini itakuwa wazi na tupu. Kama unasikia mkwaruzo au mngurumo hapo, tatizo lipo upande wetu na huna haja ya kugusa kitu kingine. Kama pametulia, rudishia ekstensheni moja baada ya nyingine, ukisikiliza kila mara. Ile ambayo kelele inarudi nayo ndiyo yenye kasoro.

Sasa angalia kelele inasikika kwenye simu zipi. Simu zote za nyumba moja zimeungwa kwenye jozi moja ya nyaya, kwa hiyo ekstensheni iliyoingia maji huchafua hata simu ya sebuleni. Ikiwa ni simu ya chumbani peke yake inayosumbua, shuku kiungo kilicholegea njiani, kebo fupi ya simu hiyo au simu yenyewe. Ipeleke ile simu nzima ya sebuleni chumbani ujaribu. Utajua kwa dakika moja.

Sauti nayo inasema. Mkwaruzo, yaani ile sauti kama ya mtu anayekunjakunja karatasi ya sambusa, ni dalili ya kiungo kibovu. Nakumbuka nyumba moja Tanga, si mbali na bahari. Mzee mwenye nyumba alilalamika mara tatu, na mara zote tatu fundi alifika akakuta laini safi kabisa. Mzee akaanza kuonekana msumbufu. Kumbe fundi alikuwa na adabu ya kupiga simu ya mezani kwanza kumjulisha kwamba yupo njiani. Laini ikiwa imetulia hubeba umeme wa volti 48 hivi, lakini simu inapoita hupita umeme wa kwenda na kurudi wa volti 75 hadi 90, na huo una nguvu ya kutoboa utando mwembamba wa kutu kwenye kiungo. Mkwaruzo hupotea kwa saa kadhaa, kisha hurudi. Mara ya nne tulikwenda bila kupiga. Tukapanda darini, tukakuta nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Tulipobandua tepu, shaba ilikuwa ya kijani, na waya mmoja umelika mpaka umebaki mwembamba kama unywele. Kazi ya dakika kumi.

Ndiyo maana siipendi tepu kwenye nyaya za simu. Joto la darini huyeyusha gundi yake, unyevu wa pwani unapenya, na shaba inalika polepole. Viko viunganishi vidogo vya kubana kwa koleo, vyenye jeli ndani ya kuzuia maji. Kata sehemu iliyooza mpaka uone shaba inayong'aa, ndipo uunge. Ukifungua soketi za ukutani, angalia pia mavi ya mijusi na vichuguu vya sisimizi. Sisimizi hupenda sana kujenga humo.

Mngurumo wa chini, wa mfululizo, ni habari nyingine. Huo ni umeme wa nyumbani, unaobadilika mara 50 kwa sekunde, umejipenyeza kwenye laini. Nyaya mbili za simu husokotwa pamoja kama kamba ya usumba kwa sababu hiyo hasa. Umeme wa jirani ukizifikia, huzigusa zote mbili kwa kiasi kilekile, na simu husikia tofauti iliyopo kati yake tu. Tofauti isipokuwepo, husikii kitu. Ila waya mmoja ukivujia ukutani penye unyevu, au ukiwa na kiungo kibovu, mizani inavurugika na mngurumo unaingia.

Mizani hiyo huvurugwa pia na mafundi wetu wa mtaani wanaotumia kebo ya kompyuta yenye jozi nne. Wanachukua waya wa bluu na wa chungwa kwa sababu rangi zinaonekana vizuri. Hizo ni jozi mbili tofauti! Tumia wa bluu na mwenzake mweupe wenye mstari wa bluu. Kebo bapa isiyosokotwa itumike kwa mita chache tu, kutoka soketini hadi simu ilipo. Tena waya wa simu usipitishwe bomba moja na waya wa umeme, maana licha ya mngurumo, ganda likichubuka ni hatari ya maisha. Uache nafasi ya shibiri moja, na palipo lazima zikutane zikatizane kama msalaba.

Kama laini yako inabeba na intaneti, unaweza kusikia mfoko kama wa redio iliyokosa stesheni. Kila simu, hata ya chumbani, inahitaji kichujio chake kidogo cha kuzuia kelele za intaneti. Ruta haichomekwi kwenye kichujio upande wa simu.

Usifungue kisanduku wakati wa radi. Simu ikianza kuita huku vidole vipo kwenye shaba, utarushwa kidogo na umeme. Si wa kuua mtu mzima mwenye afya, lakini ukiwa juu ya ngazi ni jambo jingine.

Ukishathibitisha kelele ipo kisandukuni, unapotoa taarifa mweleze mhudumu ni mkwaruzo au mngurumo, na kama huzidi mvua inaponyesha. Acha namba ya simu ya mkononi, na mwambie fundi akupigie kwenye hiyo, asiipigie ile ya mezani.