Je, wajua kwa nini watengeneza apu wanakaa meza moja na wapinzani wao?

Kwa akili ya kawaida ya biashara, ukiwa na wazo lako zuri unalificha, hata rafiki humwambii. Sasa inakuwaje hawa watu wa teknolojia ya simu wanakutana kila mara, wanaonyeshana wanachotengeneza, wanaambiana hadi kilichofeli, tena mbele ya mtu anayetengeneza kitu kilekile? Na siyo mji mmoja, ni dunia nzima.

Chukua Mobile Monday. Ilianzia Helsinki, Ufini, mwaka 2000, jamaa wa sekta ya simu wakawa wanakutana Jumatatu kupiga stori za kazi, basi. Tokyo wakaiga, Silicon Valley wakaiga, mwisho ikafika miji zaidi ya 100, na mara nyingi ni watu wa mji wenyewe ndio waliojikusanya wakaanzisha ya kwao.

Kujua kwa nini ilishika kasi hivyo lazima ukumbuke hali ya wakati ule. Kabla ya 2008 kama una gemu au huduma ya simu kumfikia mteja ilikuwa shughuli, kwa kawaida unabisha hodi kampuni ya simu, unaomba wakuweke kwenye menyu yao, wanakata fungu lao, halafu ukitaka nchi ya pili unaanza upya na kampuni nyingine, mkataba mwingine, na simu zenyewe kila modeli ina skrini yake. Hapo mwenye namba ya mtu sahihi Tokyo alimzidi mwenye programu nzuri isiyo na pa kwenda. Na Tokyo siyo nimeitaja tu, Wajapani walikuwa na i-mode, intaneti ya simu ya kampuni yao NTT DoCoMo, tangu 1999, watu wanalipia huduma kwenye simu kabisa wakati Ulaya bado inahangaika na WAP, intaneti ya simu ya enzi zile. Ukimjua mtu wa huko ulikuwa unaona mapema biashara inaelekea wapi.

Halafu Julai 2008 Apple wakafungua App Store, duka lao la apu, ikiwa na apu kama 500, miezi michache baadaye Google nao wakaja na duka lao, Android Market. Ungedhani koneksheni zimekwisha kazi, maana sasa unapakia apu yako na dunia nzima inaiona. Kumbe wapi! Milango mia ya kampuni za simu imegeuka miwili, na wenye milango wakibadilisha sheria wote mnatikisika siku moja. Mwaka 2021 Apple walipolazimisha apu ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji, biashara nyingi zilizokuwa zinategemea matangazo ziliyumba vibaya. Sheria imeandikwa, sawa, ila apu yako imekataliwa kwa nini hasa, au ujaribu nini kwanza mapato yakishuka, hayo anakwambia aliyepitia. Ndiyo maana mpinzani wako ana faida kwako, nyote mmepanga nyumba ya mwenye nyumba mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika mwaka 1973 kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Wengi wao aliyewaunganisha hakuwa rafiki wa karibu, asilimia 16.7 tu ndio walikuwa wakionana naye mara kwa mara, waliobaki walionana naye kwa nadra au mara mojamoja. Sababu ni kwamba marafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Habari mpya inatoka kwa mtu wa mbali kidogo, na kwenye sekta inayogeuka kila miaka michache habari mpya ndiyo mtaji wenyewe.

Ufini waliliona hili kwa machungu. Nokia ilipokuwa kileleni, karibu mwaka 2000, ilibeba takribani asilimia 4 ya pato la taifa, kampuni moja hiyo! Simu za kisasa zikaipindua, 2011 ikaachana na mfumo wake wa Symbian na kuhamia Windows Phone ya Microsoft, maelfu wakapoteza kazi. Kupitia mpango ulioitwa Bridge, kampuni iliwasaidia walioondoka kuanzisha biashara zao, na wengine walitoka kama timu nzima, mfano timu ya Jolla, walioondoka kwenda kujenga mfumo wao wa simu. Kiti kinachukuliwa, lakini unaowajua hakuna anayekunyang'anya.

Tusijidanganye lakini, siyo kila mtu anakaribishwa sawa. Mazungumzo mengi yanaenda kwa Kiingereza, mikutano mikubwa inataka viza na nauli, na ukiangalia pesa za uwekezaji bado zimerundikana kwenye miji michache ileile. Unaweza kuwa na marafiki kumi bara jingine na bado asitokee hata mmoja wa kukuingiza kwenye chumba ambacho hundi inasainiwa.