Je, wajua kwa nini kioo cha simu hukataa vidole vya baadhi ya watu?

Pale mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, kuna jambo dogo nililoliona mara nyingi kiasi kwamba sikuweza kuendelea kulipita. Mvuvi mzima, aliyevuta kamba za nyavu tangu ujana wake mpaka ngozi ya vidole ikawa ngumu kama kwato, anagusa kioo cha simu ya kupangusa ili atume fedha, na simu haimjibu. Anabonyeza tena kwa nguvu, bado kimya. Mjukuu wake wa miaka sita anagusa mahali palepale kwa ncha ya kidole, na ukurasa unafunguka. Mzee mmoja aliniuliza, "Hivi mwanangu, hizi simu zinachagua watu?" Nilimwamkia, nikakaa kando yake kwenye ukingo wa mtumbwi, nikamwambia kwamba hazichagui watu, zinachagua ngozi. Makala haya ni jibu lile lile kwa urefu unaostahili.

Kwanza ieleweke kwamba kioo cha simu za leo hakipimi nguvu ya kidole. Wengi huamini kuwa chini ya kioo kuna vitufe vilivyojificha, ndiyo maana simu ikigoma hubonyeza kwa nguvu zaidi, wakati mwingine hadi kioo kikapasuka. Zilikuwapo simu zilizohitaji mkandamizo, zile zilizouzwa pamoja na kijiti cha kuandikia, ambazo kioo chake kilikuwa na tabaka mbili zilizoachana kidogo na kidole ndicho kilichozikutanisha. Simu tunazotumia sasa zinafuata wazo jingine, ambalo mhandisi E. A. Johnson, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, alilieleza kwa maandishi mwaka 1965, akifikiria zaidi kazi ya waongoza ndege kuliko simu ya mfukoni.

Wazo hilo limejengwa juu ya kifaa cha kale cha umeme kiitwacho kapasita. Vipande viwili vya kitu kinachopitisha umeme vikikaribiana bila kugusana, na umeme ukawekwa kati yake, chaji hujikusanya juu ya kila kipande, na katika nafasi iliyo kati yao hutanda mvuto usioonekana ambao wanafizikia huuita uga wa umeme. Kiasi cha chaji kinachoweza kukusanyika hutegemea upana wa vipande, umbali ulio kati yao, na kitu kilichojaa katika nafasi hiyo. Msomaji aliyekumbuka mambo hayo matatu ana ufunguo wa karibu kila kituko cha kioo cha simu.

Ndani ya kioo kumetandazwa nyuzi ambazo jicho halizioni, zilizotengenezwa kwa oksidi ya indiamu na bati, mchanganyiko wenye sifa adimu ya kupitisha umeme na mwanga kwa pamoja. Nyingine zimelala na nyingine zimesimama, mfano wa wavu wa dagaa, isipokuwa hapa nyuzi hazifungwi mafundo wala hazigusani zinapopishana. Kila zinapopishana pametokea kapasita ndogo mno, yenye ujazo wa pikofaradi chache tu, na pikofaradi moja ni sehemu moja ya milioni milioni ya faradi, kipimo cha uwezo wa kapasita kukusanya chaji. Chipu iliyo pembeni hutuma ishara za umeme katika nyuzi za upande mmoja, moja baada ya nyingine, huku ikisikiliza nyuzi za upande wa pili kujua ni kiasi gani cha ishara kimevuka. Kazi hiyo huikamilisha kwa kioo kizima angalau mara 60 kwa sekunde, na katika simu nyingi mpya mara 120 au zaidi.

Kidole kinapokaribia, sehemu ya uga uliokuwa ukivuka kutoka uzi hadi uzi hugeuka na kuelekea kwenye kidole, kwa kuwa mwili wa binadamu, wenye maji na chumvi ndani yake, hupitisha umeme na ni mkubwa mno kuliko nyuzi zile. Ishara inayofika upande wa pili hupungua kidogo. Chipu huona upungufu huo katika sehemu kadhaa zilizo jirani, hulinganisha wapi umezidi na wapi umepungua, na kwa hesabu hiyo hujua kitovu cha kidole kwa usahihi unaopita hata nafasi iliyo kati ya uzi na uzi. Hapo ndipo ustadi wenyewe ulipo, nami hakuna sehemu ya simu ninayoistahi kuliko hii, kwa sababu inatambua badiliko dogo kuliko pikofaradi moja huku simu ikiwa imejaa kelele za umeme, yaani ishara zisizohitajika, kutoka kila upande.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Ngozi ya juu kabisa imekufa na ni kavu, kwa hiyo haipitishi umeme vizuri. Kwa mtoto tabaka hilo ni jembamba mno, lakini sugu ya mvuta nyavu inaweza kufika milimita moja au kupita, wakati kioo chenyewe cha simu kwa kawaida hakifiki milimita moja. Maana yake ni kwamba umbali kati ya nyuzi na nyama hai ya kidole chake unaweza kuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa mjukuu, na protekta nene ikibandikwa juu ya hapo, upungufu wa ishara unakuwa hafifu kiasi kwamba chipu huudhania kuwa kelele tu na kuupuuza. Kubonyeza kwa nguvu husaidia kidogo sana. Linalosaidia ni kulainisha kidole kwa unyevu au mafuta ya kujipaka, kutumia ubavu wa kidole usio na sugu, kubandua protekta nene, au kuingia katika mipangilio ya simu na kuongeza wepesi wa mguso, kwa simu zilizo na nafasi hiyo.

Hata hivyo unyevu huo usizidi. Mama anayeosha samaki aina ya migebuka akishika simu kwa mkono unaochuruzika maji, kioo hufungua kurasa ambazo hakuzigusa. Maji ya ziwa yana madini yaliyoyeyuka, na hivyo hupitisha umeme. Utando wa maji uliounganika na kidole humfanya mtu awe kana kwamba ameweka kiganja kizima pale, ilhali tone lililokaa peke yake, bila kugusana na mwili, huunganisha uzi na uzi na kuleta badiliko la kinyume na lile la kidole. Chipu bora hujaribu kutofautisha hali hizo kwa kupima kwa njia mbili tofauti, lakini matone yakiwa mengi nayo huchanganyikiwa.

Ajabu ni kwamba mkono wenye mawese hauleti vurugu ya namna hiyo. Muuza mawese wa Ujiji anaweza kukichafua kioo chake hadi kikawa chekundu, na bado simu ikamtii. Mafuta hayapitishi umeme, na yakiwa katikati ya kapasita huongeza uwezo wake mara mbili au tatu tu ikilinganishwa na hewa, ilhali maji huuongeza karibu mara 80. Anayetaka kujihakikishia amshike mgebuka mbichi mkononi na kukigusa kioo kwa tumbo lake: simu itajibu kama imeguswa na kidole, kwa sababu samaki naye ni maji na chumvi. Dagaa aliyekauka barabara juani hawezi kazi hiyo.

Kuna kituko kingine ambacho mafundi simu wa Mwanga, mjini Kigoma, hukijua vyema. Mteja huleta simu akidai kioo kimeharibika, kinachezacheza na kujiandikia chenyewe, kumbe hali hiyo hutokea ikiwa kwenye chaja tu. Chaja duni haiusafishi umeme vizuri inapoubadilisha kutoka mkondo geu wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu wa simu, na mabaki ya mtetemo huingia katika simu na kuchanganyika na ishara za nyuzi zile pale mtu anapogusa. Kabla ya kugharimia kioo kipya, jaribu chaja nyingine.

Hapo ndipo watu huuliza kuhusu zile sahani za kuchajia bila waya, ambazo simu hulazwa juu yake ikajaa. Zenyewe pia hupitisha kitu katika kioo bila kukitoboa, lakini safari hii si uga wa umeme, ni uga wa sumaku. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya huzalisha umeme ndani ya waya huo. Transfoma iliyo juu ya nguzo mtaani kwako hufanya kazi kwa kanuni hiyo: koili mbili, yaani mizingo ya waya, zisizounganishwa pamoja, moja ikibadilisha sumaku na nyingine ikivuna umeme. Ndani ya sahani imo koili moja, na nyuma ya simu imo nyingine. Chuma kizito kinachoziunganisha koili za transfoma hakipo hapa, kwa hiyo sumaku hubadilishwa kwa kasi kubwa zaidi ili umeme wa kutosha uvuke. Umeme wa nguzoni hugeuka kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, lakini katika mfumo uliozoeleka zaidi, uitwao Qi na kutamkwa "chi", kasi hiyo ni kati ya hezi laki moja na laki mbili hivi.

Simu na sahani huzungumza muda wote. Simu hubadilisha kidogo mzigo wa koili yake, sahani huhisi mabadiliko hayo kupitia sumaku ileile, na kwa njia hiyo simu huomba nguvu iongezwe, ipunguzwe au isimamishwe. Sahani isiyosikia ombi lolote haitoi nguvu. Ulinzi huo ni wa lazima, maana sarafu ya shilingi 500 ikikaa kati ya simu na sahani, sumaku huamsha mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya chuma chake na kukipasha moto, na sahani nzuri hugundua kwamba nguvu inapotea njiani na kujizima. Kwa sababu hiyohiyo simu zenye uwezo huu hutengenezwa kwa mgongo wa kioo au plastiki, na kava ya alumini huzuia kila kitu. Koili zikiachana kwa milimita kadhaa au zikikaa upande, nishati hupungua haraka, ndiyo maana toleo la Qi2 la mwaka 2023 liliongeza duara la sumaku linaloivuta simu ikae mahali pake.

Hata zikikaa sawasawa, si ajabu robo ya nishati ikaishia kuwa joto. Anayetumia umeme wa gridi mjini hatauona upungufu huo katika matumizi yake ya mwezi. Kwa mwenye paneli ndogo ya jua katika kijiji cha kando ya ziwa, hesabu ni tofauti. Betri ya simu ya miliampia-saa 5,000 hubeba wati-saa 19 hivi, na kuijaza kwa sahani yenye upotevu wa robo kunaweza kula wati-saa 25. Zile sita zilizopotea zingewasha taa ya wati tatu kwa saa mbili, na kwake ningeshauri waya.